Barua ya Wazi kuhusu Majina ya Magonjwa ya Kuvu kwa Binadamu na Wanyama

Kwa viongozi wa Jumuiya ya Kimataifa ya Mikolojia ya Binadamu na Wanyama, ISHAM. Wa Shirika la Afya Duniani. Na wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya jambo ambalo huwekwa mwisho wa ajenda, likibahatika kuingia kwenye ajenda: nani anayeyapa majina magonjwa yanayosababishwa na kuvu, yaani fangasi, na kwa kanuni zipi. Jina la kuvu yenyewe lina sheria. Zipo kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea, zinazorekebishwa na kongamano la kimataifa la botania, na mtaalamu anayeeleza spishi mpya hawezi kuzikwepa na jina lake likakubaliwa. Jina la ugonjwa halina ulinzi wa namna hiyo. Hutungwa na daktari wa kwanza kuuandika ugonjwa, au na mhariri wa jarida, au na gazeti, na mara nyingi hunyofolewa tu kutoka kwenye jina la jenasi ya kuvu, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu, na kuongezewa kiishio, kiasi kwamba kuvu ikihamishiwa jenasi nyingine, ugonjwa nao huhama hata kama mgonjwa, dalili na dawa havijabadilika. Ninachowaomba ni kuyatenganisha majina haya mawili, na kulikabidhi jina la ugonjwa kwa chombo kimoja cha kudumu ambamo matabibu wa binadamu, madaktari wa wanyama na wataalamu wa uainishaji watakaa kwa haki sawa.

Naandika nikiwa mtu wa maabara, yaani mmoja wa wale wanaosaini karatasi ya majibu kabla haijamfikia anayetibu. Kwa mtu wa kazi hii, jina ni sehemu ya tiba.

Chukueni mfano wa kuvu ambayo leo tunaiweka katika jenasi ya Scedosporium, inayoweza kushambulia mapafu, mifupa na hata ubongo. Kwa nyakati mbalimbali kuvu hiyo na umbo lake la kijinsia zimeitwa Monosporium, Allescheria, Petriellidium na Pseudallescheria. Kila jenasi ilizaa ugonjwa wake: alesheriasisi, petrielidiosisi, pseudalesheriasisi, na sasa skedosporiosisi. Mtafiti anayetaka kujua wagonjwa wa miongo iliyopita walitibiwa vipi na wangapi walipona hana budi kuyajua majina yote manne, na asipoyajua atapata sehemu tu ya kilichoandikwa na kudhani ndicho chote. Hakuna ushahidi wowote wa kitabibu uliosababisha ugonjwa ule kubadilishwa jina mara zote hizo. Uliburutwa tu.

Jumuiya yenu ililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1992 kamati ndogo ya ISHAM ilichapisha mapendekezo kwamba jina litaje kwanza hali ya ugonjwa katika mwili, kisha kuvu inayousababisha, kwa muundo wa “ugonjwa fulani unaosababishwa na kuvu fulani”. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kanuni bora iliyowahi kuandikwa kuhusu suala hili, kwa sababu sehemu ya pili ya jina ikibadilika, sehemu ya kwanza hubaki na kubeba kumbukumbu. Kasoro yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba jina lenye urefu wa sentensi halitamkiki kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo watu waliendelea na majina mafupi waliyoyazoea. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba yalikuwa mapendekezo matupu: hakuna jarida wala wizara iliyolazimika kuyafuata, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuangalia kama yanafuatwa.

Kisha ukaja mwaka 2011. Kongamano la botania lililofanyika Melbourne lilifuta utaratibu wa zamani ulioruhusu kuvu moja kuwa na jina moja kwa umbo lake la kijinsia na jingine kwa umbo lisilo la kijinsia, na likaamuru kuvu moja iwe na jina moja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulichelewa. Ila ulikuja wakati ambapo usomaji wa vinasaba ulikuwa tayari unazivunja jenasi kubwa za zamani, na mambo hayo mawili kwa pamoja yalifungua mlango kwa wimbi la majina mapya ambalo bado halijatulia.

Walioathirika zaidi ni wale wanaotibu maambukizi ya hamira za jenasi ya Candida. Kwa miongo mingi daktari aliyeona maneno Candida krusei kwenye majibu ya damu alijua, bila kufungua kitabu, kwamba flukonazoli, dawa ya kuvu, haitamsaidia mgonjwa wake, kwa kuwa hamira hiyo ina usugu wa asili dhidi ya dawa hiyo. Jina lenyewe lilikuwa onyo. Leo maabara inayofuata uainishaji mpya huandika Pichia kudriavzevii, maneno ambayo kwa daktari wa zamu ya usiku yanaweza yasimwambie kitu, au yakamfanya adhani ni hamira isiyo na madhara iliyoingia kwenye sampuli kwa bahati mbaya. Programu ya hospitali iliyopangwa kutoa tahadhari kwa jina la zamani hukaa kimya ikiletewa jipya. Candida glabrata, ambayo nayo huhitaji uangalifu kwa sababu flukonazoli huidhibiti kwa shida, imekuwa Nakaseomyces glabratus. Na Candida auris, iliyoelezwa mwaka 2009 baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa nchini Japani na ambayo sasa hospitali za mabara mengi zinaihofia kwa usugu wake, ilipendekezwa mwaka 2024 ihamishiwe jenasi ya Candidozyma. Siwalaumu wataalamu wa uainishaji. Kazi yao ni kuonyesha ukoo wa viumbe, na hamira hizi kweli si za ukoo mmoja. Lakini onyo lililokuwa ndani ya jina limefutika, na hakuna aliyekusudia kulifuta.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hadi leo kila maabara hulijibu kivyake: mgonjwa mwenye Nakaseomyces glabratus katika damu ana ugonjwa gani? Mimi nasema ana kandidiasisi vamizi. Wanaoupata ni watu wa aina ile ile, yaani waliolazwa muda mrefu, wenye mipira ya mishipani, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo au waliotumia viuavijasumu kwa wingi. Hamira hutoka sehemu zile zile za mwili. Na tiba ya kuanzia ni ile ile. Kandidiasisi ni jina la hali ya mgonjwa, na hali hiyo haikuhama jenasi. Kuanza kuutungia ugonjwa huo majina kutokana na Pichia, Clavispora na Nakaseomyces kungevunja vipande kumbukumbu ya kitabibu iliyo nzima.

Sisemi kwamba jina la ugonjwa lisibadilike kamwe. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: libadilishwe pale linapompotosha anayetibu, na pale tu. Kwa kipimo hicho, kuuita talaromikosisi ugonjwa uliokuwa ukiitwa penisiliosisi lilikuwa jambo jema, maana kuvu yake, iliyotambuliwa kwanza kwa panya wa mianzi huko Vietnam katika miaka ya 1950, ilikuwa ikihesabiwa pamoja na ukungu wa kawaida wa Penicillium ambao maabara zote huutupa kama uchafu wa hewani. Jina la zamani lilifanya ugonjwa unaoua watu wenye upungufu wa kinga uonekane kama kosa la sampuli. Kwa kipimo hicho hicho, jina la histoplasmosisi libaki lilivyo. Samuel Darling, aliyeueleza ugonjwa huo kutokana na maiti alizozipasua Panama, alidhani mwaka 1906 kwamba ameona protozoa, kiumbe cha seli moja, yenye kapsuli, yaani ganda, na jina likatokana na dhana hiyo. Si protozoa, na kapsuli haipo. Lakini hakuna mgonjwa anayepewa dawa isiyofaa kwa sababu ya kosa hilo, na kulisahihisha sasa kungeleta hasara bila faida yoyote.

Misetoma ni habari nyingine kabisa. Jina hilo, lililotolewa na Vandyke Carter mwaka 1860 kwa uvimbe sugu wa mguu uliokuwa ukijulikana kwa jina la mji wa Madura nchini India, maana yake ni uvimbe wa kuvu. Tangu zamani imejulikana kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hawana kuvu bali bakteria wenye umbo la nyuzi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatima ya mguu: misetoma ya bakteria hutibiwa kwa viuavijasumu na mara nyingi hupona, ilhali ile ya kuvu huhitaji dawa kama itrakonazoli kwa miezi mingi pamoja na upasuaji, na wengi huishia kukatwa kiungo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016, na nilishukuru, lakini uliingia kwa jina moja linalofunika magonjwa mawili. Wataalamu hutofautisha yumisetoma, ya kuvu, na aktinomisetoma, ya bakteria. Fomu za taarifa nyingi hazitofautishi. Juu ya hayo, wasomaji wa picha za eksirei katika baadhi ya hospitali huita misetoma pia donge la kuvu ya Aspergillus linaloota ndani ya tundu la pafu lililoachwa na kifua kikuu, kitu ambacho hakina uhusiano na mguu, wala na bakteria wale, wala na tiba ile. Neno moja limebebeshwa hali tatu, na kila moja inataka dawa yake.

Upande wa wanyama hali ni mbaya zaidi, na wanaoandika kanuni za binadamu huusahau mara kwa mara. Ugonjwa wa ngozi wa kondoo uliokuwa ukiitwa dermatitisi ya kuvu husababishwa na bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Taya la ng'ombe linalovimba kwa aktinomikosisi lilipewa jina la kuvu ya miale, na mhusika ni bakteria anayesikia penisilini. Pythiosisi ya farasi na mbwa hufanana na kuvu kwenye hadubini, lakini kiumbe chake ni cha ukoo mwingine, na utando wake hauna ile steroli, aina ya mafuta, ambayo dawa nyingi za kuvu huilenga, ndiyo maana dawa hizo humwangusha daktari. Kwa upande mwingine, limfanjitisi (uvimbe wa mishipa ya limfu) ya mlipuko ya farasi, nyumbu na punda ni ugonjwa wa kuvu halisi ya jamii ya Histoplasma ambao jina lake halitaji kuvu popote. Kwa macho hufanana na ugonjwa hatari wa bakteria uitwao glanda, na mnyama anaweza kuuawa au kuachwa kutegemea jina litakaloandikwa kwenye cheti. (Hata binadamu wamo: saratani ya ngozi ya seli za limfu inaitwa mikosisi fungoidesi tangu karne ya 19, na bado kuna wagonjwa wanaouliza dawa ya fangasi.)

Lakini hoja inayonifanya nizielekeze taasisi zenu tatu barua moja, badala ya kuliandikia kila shirika yake, ni choa na mapunye. Tabibu wa binadamu huuita ugonjwa huu kwa mahali ulipo: wa kichwani una jina lake la Kilatini, wa kiwiliwili lake, wa miguuni lake. Daktari wa wanyama huuita dermatofitosisi popote ulipo mwilini. Mtoto akiambukizwa Microsporum canis na paka wa nyumbani, ambaye ndiye mbebaji mkuu wa kuvu hiyo ingawa jina lake linamsingizia mbwa, mtoto huandikwa ana mapunye na paka huandikwa ana dermatofitosisi, kila mmoja katika daftari la wizara tofauti. Mfugaji na ndama wake wenye Trichophyton verrucosum hali kadhalika. Mfumo wa taarifa hauwezi kuunganisha vitu viwili vyenye majina mawili, kwa hiyo maambukizi yanayovuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu hupungua kwenye takwimu ilhali yapo kwenye ngozi. Hapa panahitajika jina moja la ugonjwa, likifuatwa na mahali ulipo na kuvu iliyousababisha, kwa binadamu na kwa mnyama sawia. Ni kanuni yenu ya 1992, ikitumiwa kwa ukamilifu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na mashirika ya wanyama na ya chakula na kilimo, lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya ya kuambukiza ya binadamu yasiitwe kwa majina ya mahali, watu, wanyama au kazi, wala kwa maneno ya kutia hofu. Mwongozo huo haugusi magonjwa ya zamani wala majina ya spishi, na magonjwa ya kuvu yamejaa yote mawili. Kulikuwa na blastomikosisi tatu, ya Amerika Kaskazini, ya Amerika Kusini na ya Ulaya, na zote tatu ni magonjwa tofauti kabisa. Leo zinaitwa blastomikosisi, parakoksidioidomikosisi na kriptokokosisi, na mkanganyiko uliisha bila mwongozo wowote kwa sababu waliokuwa wakitibu walichoshwa nao. Sporotrikosisi bado inaitwa katika vitabu ugonjwa wa watunza mawaridi. Huko Brazil, tangu mwisho wa miaka ya 1990, wanaoupata kwa wingi wamekwaruzwa au kung'atwa na paka wenye Sporothrix brasiliensis, na daktari anayemuuliza mgonjwa kuhusu miiba ya bustani bila kumuuliza kuhusu paka ameongozwa vibaya na jina. Na mwaka 2020, miaka mitano baada ya mwongozo, kuvu ya choa yenye usugu dhidi ya dawa ya terbinafini ilipewa jina la spishi linalobeba jina la India. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Hilo ndilo tatizo.

India hiyo hiyo ilikuwa imebakiza mwaka mmoja kupata funzo chungu zaidi. Katika wimbi la korona la 2021, maelfu ya watu, wengi wao wakiwa na kisukari na wakiwa wametibiwa kwa steroidi, walipata mukormikosisi. Vyombo vya habari, na baadaye hata maofisa, wakauita kuvu nyeusi. Kuvu za kundi hilo si nyeusi. Kilicho cheusi ni nyama ya mwili iliyokufa baada ya mishipa ya damu kuzibwa. Zipo kuvu zilizo nyeusi kweli, zenye melanini, na husababisha magonjwa mengine yanayotibiwa kwa namna nyingine. Siku chache baadaye zikatangazwa kuvu nyeupe na kuvu ya njano, kana kwamba ugonjwa unachaguliwa rangi kama kitambaa, na watu waliokuwa na utando wa kawaida mdomoni wakaingiwa na hofu ya kufa. Laiti jina fupi, lililokubaliwa na kutafsiriwa mapema katika lugha wanazozungumza watu, lingekuwapo siku ile ya kwanza, gazeti lisingekuwa na pengo la kujaza.

Najua kwamba juhudi zipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya kuvu za kupewa kipaumbele, kuvu 19, na ndani yake mna majina mapya na ya zamani yakiwa yamekaa pamoja. Mwaka 2023 vyama kadhaa vya kitaalamu, ISHAM ikiwa kimojawapo, vilipendekeza utaratibu wa pamoja wa kuamua lini jina jipya la kuvu ya kitabibu likubaliwe. Mifano ya busara ipo pia. Umbo la kijinsia la Aspergillus fumigatus lilipogunduliwa mwaka 2009 na kuitwa Neosartorya, wahusika walikaa na kuamua Aspergillus ibaki. Ilipopendekezwa mwaka 2015 kwamba kuvu za kriptokokosisi zigawanywe kuwa spishi saba, wengine walijibu mwaka 2017 kwamba zitajwe kama makundi mawili ya spishi hadi faida ya mgawanyo huo kwa mgonjwa ionekane. Na ilipothibitika kwamba Pneumocystis ya binadamu si ile ya panya, ikapewa jina la Pneumocystis jirovecii, matabibu waliziacha herufi PCP, kifupi cha nimonia inayosababishwa na kuvu hiyo, zilivyokuwa na kuzipa maana mpya, na hakuna mgonjwa aliyepotea katikati.

Jitihada hizo zote, hata hivyo, zinahusu majina ya kuvu. Ninachokiomba kinahusu ugonjwa. Chombo ninachokifikiria kisiwe kikubwa. Kiwe na daftari moja la wazi, ambamo kila ugonjwa wa kuvu una jina fupi la kudumu, jina kamili la muundo wa 1992, namba isiyobadilika, majina yake yote ya zamani, na alama inayoonyesha kama unampata binadamu, mnyama au wote. Magonjwa yanayofanana na ya kuvu bila kuwa ya kuvu yaandikwe humo humo na kutengwa waziwazi. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa na orodha za magonjwa ya wanyama zitumie daftari hilo. Maabara zielekezwe kuandika jina la zamani la kuvu pembeni ya jipya kwa miaka kadhaa iliyotajwa, na isiachiwe hiari ya kila mkuu wa maabara kama ilivyo sasa. Gharama ya haya ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya kupima upya sampuli ambazo jibu lake lilieleweka vibaya.

Naomba suala hili liingizwe kama hoja ya kujitegemea katika mkutano mkuu ujao wa ISHAM, wawakilishi wa mashirika mengine mawili wakiwapo ukumbini, na chombo hicho kianze na uamuzi mmoja ambao maabara zinausubiri: maambukizi ya hamira zilizotolewa katika jenasi ya Candida yaendelee kuitwa kandidiasisi, au yaitweje, na kuanzia tarehe gani.

Wenu katika kazi,

Mtumishi wa maabara ya mikolojia